Asidi asetiki ya 2% ina osmolariti kubwa kuliko plazma. Kwa nini basi seli nyekundu zinapasuka?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya maabara za afya hapa Mwanza na sasa niko kwenye mazoezi kwa vitendo. Tunahesabu seli nyeupe kwa kimiminika cha Türk, chenye asidi asetiki ya 2%. Nilikokotoa osmolariti yake, yaani wingi wa chembe zilizoyeyuka, nikapata kama miliosmoli 350 kwa lita, na plazma tumefundishwa ni kama 290. Kwa hiyo kimiminika kile ni haipatoniki, yaani kizito kuliko ndani ya seli, na seli nyekundu zilipaswa kusinyaa, lakini zote zinapasuka. Mwenzangu anasema asidi dhaifu haitengani vizuri kuwa ayoni, ndiyo maana osmolariti yake halisi ni ndogo. Ni kweli? Na je, tukiishiwa, tunaweza kutumia siki, au kuchanganya asidi na salaini (maji ya chumvi ya 0.9%) badala ya maji?

Jibu: Marahaba. Hesabu yako ni sahihi, na seli zinapasuka kama ulivyoona. Tatizo ni kwamba umekokotoa osmolariti halafu ukaisoma kama tonisiti, yaani nguvu ya kimiminika kuvuta maji kutoka kwenye seli. Kwa salaini hutaona kosa, kwa sababu namba hizo mbili hukaribiana. Kwa asidi dhaifu zinaachana mbali sana.

Nianze na hoja ya mwenzako, maana wengi wanapotelea hapo. Asidi asetiki isiyo na maji ina takribani moli 17.4 kwa lita. Ukiweka mililita 2 na kujaza hadi mililita 100 unapata milimoli 348 kwa lita. Kigezo cha mtengano wake, Ka, ni 1.75 × 10⁻⁵. Zidisha Ka kwa 0.348, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, unapata ayoni za hidrojeni milimoli 2.5 kwa lita, yaani pH ya karibu 2.6. Katika zile milimoli 348, ni 2.5 tu zilizotengana. Jumla ya chembe basi ni 345.5 za asidi nzima, 2.5 za hidrojeni na 2.5 za asetati: miliosmoli 350.5. Kama isingetengana hata kidogo ungepata 348. Mtengano wote umeongeza miliosmoli mbili na nusu, chini ya asilimia moja.

Mwenzako anadhani molekuli isiyotengana haihesabiki. Inahesabika. Osmolariti huhesabu chembe zilizoyeyuka na haijali kama zina chaji. Sukari haitengani kabisa na bado ina osmolariti yake kamili.

Kuna jambo jingine hapo ambalo vitabu hulipita haraka. Asidi dhaifu hutengana zaidi kadiri inavyopunguzwa nguvu: asidi asetiki ya milimoli 100 hutengana kwa asilimia 1.3, ya milimoli 10 kwa asilimia 4, ya milimoli 1 kwa asilimia 12. Lakini asilimia 12 ya milimoli 1 ni sehemu ya kumi tu ya miliosmoli. Inapokuwa nyingi kiasi cha kugusa osmolariti, haitengani. Inapotengana vizuri, imekuwa chache mno. Kwa hiyo usipoteze muda kutafuta kiwango cha mtengano unapokokotoa osmolariti ya asidi dhaifu peke yake. Chukua moli zake kama zilivyo, utakosea kidogo sana.

Osmolariti huruka pale unapoongeza alkali. Milimoli 100 za asidi asetiki ni kama miliosmoli 101. Ukiirekebisha hadi pH ya kawaida kwa sodiamu haidroksaidi unaongeza karibu milimoli 100 za sodiamu, na jumla inafika karibu 200. Bafa (mchanganyiko unaotuliza pH) ya fosfati ni hivyohivyo: kwenye pH 7.4 kila milimoli ya fosfati huandamana na sodiamu zaidi ya moja na nusu, kwa hiyo milimoli 10 za fosfati huleta miliosmoli 26 hadi 28. Anayetengeneza salaini ya 0.9% kamili kisha akaongeza bafa juu yake amekwisha vuka kiwango alichokusudia. Punguza chumvi kwanza, ndipo uweke bafa.

Sasa tonisiti. Hapa swali linabadilika. Huulizi tena kuna chembe ngapi nje. Unauliza ni zipi kati ya hizo ambazo utando wa seli unazikataa. Chembe inayovuka haiwezi kuvuta maji kwa muda mrefu, kwa sababu itaingia hadi ilingane pande zote mbili. Molekuli nzima ya asidi asetiki haina chaji na ni ndogo, na hupita kwenye mafuta ya utando wa seli nyekundu kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ayoni ya asetati ina chaji na haipiti hapo.

Tukokotoe upya kwa jicho hilo. Unachanganya damu mikrolita 20 na Türk mikrolita 380. Plazma iliyomo kwenye damu hiyo, takribani mikrolita 10, ikishasambaa kwenye mikrolita 400 inatoa kama miliosmoli 7 za chumvi. Asidi iliyotengana inaongeza kama 5. Chembe zote za nje ambazo utando unaweza kuzizuia hazifiki 15. Ndani ya seli kuna 290. Linganisha na salaini: seli za mtu mzima mwenye afya huanza kupasuka kwenye chumvi ya asilimia 0.50 hadi 0.45, na zinakuwa zimekwisha kwenye 0.30, ambayo ni kama miliosmoli 103. Wewe umeziweka kwenye 15. Kwa seli nyekundu, kimiminika cha Türk chenye miliosmoli 350 kiko karibu na maji ya ziwa yaliyotekwa Kirumba, ambayo hayafiki miliosmoli 5.

Na asidi dhaifu hufanya zaidi ya hapo. Molekuli nzima ikishaingia inakuta pH ya karibu 7.2. pKa ya asidi asetiki, yaani pH ambayo nusu yake imetengana, ni 4.76, kwa hiyo kwenye pH hiyo kila molekuli moja inayobaki nzima inapaswa kuwa na asetati 275 kando yake. Asidi inatengana, himoglobini inapokea hidrojeni, asetati inanaswa ndani kwa sababu ya chaji, na nafasi inafunguka kwa molekuli nyingine kuingia. Himoglobini iliyo ndani ya seli, karibu milimoli 5 kwa lita, inaweza kupokea takribani milimoli 50 za hidrojeni kwa kila hatua moja ya pH, na kila hidrojeni iliyopokelewa inaacha asetati moja iliyonaswa. pH ya ndani inaposhuka hatua mbili au tatu, zaidi ya milimoli mia za chembe mpya zimeongezeka ndani. Maji yanavutwa na kile kilichokuwemo na pia na kile asidi yenyewe ilichokileta. Hapo ndipo asidi dhaifu inapotofautiana na yurea: yurea inaingia na kulingana tu, asidi dhaifu inaingia na kurundikana.

Kunaswa huku kunategemea pH ya nje, na watu husahau. Sodiamu asetati ya milimoli 154 kwa lita kwenye pH 7.4 ina miliosmoli 308 kama salaini, na seli nyekundu zinakaa humo bila kupasuka. Asetati ni ileile. Lakini kwenye pH 7.4 ni asilimia 0.23 tu iliyo katika umbo la asidi nzima, na muhimu zaidi, sodiamu imebaki nje. Asetati chache zikiingia, hutoka kloridi badala yake, maana chaji lazima zilingane. Idadi ya chembe ndani haikui. Badilisha sodiamu kwa amonia, yaani tumia amonia asetati ya milimoli zilezile 154, na seli zinapasuka, kwa sababu amonia nayo ina umbo lisilo na chaji linalovuka. Pande zote mbili za chumvi zimepata njia. Amonia kloridi ya milimoli 155 tunayotumia kuyeyusha seli nyekundu kabla ya kuchunguza seli nyeupe hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: amonia inavuka yenyewe, kloridi inapitia kwenye protini inayoibadilisha na bikaboneti.

Kuna asidi dhaifu ambayo haivuki kabisa, na unaigusa kila siku bila kuifikiria: EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda iliyo kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Chupa ya mililita 4 ina kama miligramu 7.2 za EDTA ya potasiamu. Ikijaa damu, EDTA na potasiamu yake huongeza miliosmoli kama 13. Mtoto akitoa mililita 1 tu kwenye chupa hiyo, inakuwa kama 53, na kwa kuwa imebaki kwenye plazma peke yake, athari kwa seli ni karibu mara mbili ya hapo. Hii sasa ni haipatoniki ya kweli: seli zinasinyaa, na PCV (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu) ya kuzungusha kwenye sentrifuji inasoma chini kuliko ilivyo. Mashine ya kuhesabu damu haionyeshi kosa hilo kwa kiasi kikubwa kwa sababu kimiminika chake hurudisha seli kwenye ukubwa wake kabla ya kupima. Kwa hiyo ukiona PCV ya mkono na ya mashine hazikubaliani, angalia kwanza chupa ilijazwa kiasi gani. Kwa watoto tumieni vichupa vidogo vya nusu mililita.

Hata badiliko dogo la pH huhamisha matokeo. Katika kipimo cha udhaifu wa seli kwa osmosi, pH ikishuka kwa 0.1 ni kama umepunguza chumvi kwa gramu 0.1 kwa lita. Himoglobini yenyewe ina vikundi vingi vya asidi dhaifu. pH ikishuka hupoteza sehemu ya chaji hasi, kloridi huingia kujaza pengo, maji hufuata, seli inavimba kabla hata hujaiweka kwenye mirija. Ndiyo maana salaini ya kipimo hicho lazima iwe na bafa, na damu isikae mezani saa nyingi.

Turudi kwenye Türk, maana unaitumia kesho. Mililita 2 za asidi asetiki isiyo na maji, mililita 1 ya jenshani vayoleti ya 1%, na maji yaliyokenekwa hadi mililita 100. Mimina asidi kwenye maji, vaa glavu na miwani, fanya kazi mbali na moto: mvuke wa asidi hiyo unaweza kuwaka kuanzia karibu nyuzi 39. Usiiweke kwenye friji. Inaganda kwenye nyuzi 16.6 na utaikuta imekuwa barafu. Chuja rangi kabla ya kutumia, la sivyo chembe za rangi utazihesabu kama seli. Chupa iliyoachwa wazi inapoteza asidi kwa mvuke, na dalili yake ya kwanza ni miduara hafifu isiyoshika rangi kwenye chemba (kioo chenye miraba cha kuhesabia seli): mabaki ya seli nyekundu ambazo hazijayeyuka vizuri.

Changanya mikrolita 20 za damu na mikrolita 380, ukifuta nje ya pipeti kabla ya kuichovya, maana damu iliyoganda nje inaongeza hesabu. Subiri dakika 5. Jaza chemba ya Neubauer, iache dakika 2 kwenye sahani yenye karatasi mbichi ili seli zitue na kimiminika kisikauke. Hesabu miraba minne ya pembeni kwa lenzi ya 10. Idadi uliyopata zidisha kwa 50, hilo ndilo jibu kwa mikrolita moja ya damu.

Utaniuliza: kama kazi yote ni kupasua kwa osmosi, kwa nini tusitumie maji matupu? Kwa sababu kwenye maji seli nyeupe nazo huvimba na kuharibika. Asidi inagandisha protini za kiini, na kiini kinabaki kimesimama na kushika rangi. Unachohesabu kwenye chemba ni viini. Sehemu ya nje ya seli nyeupe nayo imeharibiwa.

Hili lina matokeo makubwa kwetu huku Kanda ya Ziwa, ambako selimundu ni nyingi. Mgonjwa wa selimundu anaweza kuwa na seli nyekundu changa zenye viini kwenye damu. Asidi inayeyusha mwili wa seli hiyo na kukuachia kiini, nawe unakihesabu kama seli nyeupe. Kila mara tazama filamu ya damu (damu iliyopakwa kwenye slaidi), hesabu seli nyekundu zenye viini kwa kila seli nyeupe 100, na zikizidi 5 sahihisha: hesabu yako mara 100, gawa kwa jumla ya 100 na idadi ya seli hizo. Ukipata 18,000 na filamu ina 50, jibu ni 12,000. Tofauti hiyo inaweza kumfanya daktari aanzishe dawa za maambukizi ambazo mtoto hakuzihitaji. Wagonjwa haohao huwa na seli nyekundu zinazostahimili osmosi kuliko kawaida, kwa hiyo ukiona miduara haijaisha waongezee dakika chache kabla ya kujaza chemba.

Kuhusu siki: ile ya dukani ya 5% ukichukua mililita 40 na kujaza hadi 100 unapata karibu 2%, na seli zitapasuka kwa sababu ni asidi ileile. Kwa kufundishia inatosha. Kwa majibu ya mgonjwa sikubali, kwa kuwa nguvu yake hubadilika kutoka chupa hadi chupa na nyingine zina rangi ya sukari iliyounguzwa.

Kuhusu salaini: usiitumie. Chumvi haivuki, kwa hiyo unarudisha nje miliosmoli 308 zinazovuta maji na kupunguza ile tofauti kubwa tuliyoikokotoa. Haimaanishi kwamba seli zitapona. Asidi inayonaswa ndani na uharibifu wa asidi kwenye utando vinabaki, ndiyo sababu tone la asidi ya 2% huyeyusha seli nyekundu kwenye mashapo ya mkojo ingawa mkojo umejaa chumvi. Hilo tone ni zuri kwa kutofautisha seli nyekundu na hamira, ila kwa mgonjwa mnayemshuku kichocho cha kibofu soma slaidi bila asidi kwanza. Ukishaiweka, damu uliyokuwa unaitafuta haipo tena.

Unaweza kuyaona haya yote kwa mirija sita, ukipata ruhusa ya msimamizi kutumia damu ya EDTA iliyokwisha kupimwa. Weka mililita 2 kwa kila mrija: salaini, maji yaliyokenekwa, yurea gramu 1.8 kwa mililita 100, asidi asetiki mililita 1.7 kwa 100, sodiamu asetati isiyo na maji gramu 1.26 kwa 100, na amonia asetati gramu 1.19 kwa 100. Ongeza mikrolita 20 za damu, pindua mara mbili, shika gazeti nyuma ya mrija. Salaini na sodiamu asetati zitabaki na ukungu usiosomeka. Maji na yurea vitasomeka mapema sana vikiwa vyekundu, na amonia asetati itafuata. Asidi itasomeka pia, lakini kwa rangi ya kahawia, kwa sababu himoglobini iliyotoka imegeuzwa na asidi. Isipokuwa maji, osmolariti za mirija yote ziko karibu na 300.

Soma lebo ya sodiamu asetati kabla ya kupima. Ile yenye maji ndani ya fuwele huhitaji gramu 2.1, siyo 1.26. Ukikosea hapo unapata kama miliosmoli 185, sawa na chumvi ya asilimia 0.54, karibu kabisa na mahali seli zinapoanza kupasuka. Mrija utasomeka nusunusu na utadhani asetati ndiyo imevuka.